Usitie sahihi bado: makampuni ya michezo ya video na vijana wanaoyakosoa

Juma lililopita mwenzetu mmoja wa Butembo alitutumia picha tatu kwenye grupu ya WhatsApp. Wengi wenu munamjua kwa sauti hata kama hamjawahi kuona uso wake: njo yule anayecheza michezo ya video huku akieleza kwa Kiswahili chetu, anacheka, anakasirika, na mchezo ukiwa mbaya anasema ni mbaya. Ana wafuasi elfu nne na kitu. Picha zile zilikuwa kurasa za mkataba. Kampuni moja ya ng'ambo inataka kumpa mchezo wake mpya bure, siku nyingi kabla haujatoka, ili aurushe kwenye chaneli yake. Alikuwa amefurahi sana, na sisi pia tulifurahi, mpaka tulipofika ukurasa wa tatu. Pale imeandikwa kwamba hatasema neno lolote la kuushusha mchezo, hataulinganisha na mchezo wa kampuni nyingine, na hataufanyia mzaha. Tulitafuta mahali panaposema sharti hilo linaisha lini. Hakuna.

Chini ya picha aliandika: "Bandugu, mi naona nisaini tu. Nikikatala mimi, mwingine atasaini kesho. Munasema je?"

Tulibishana siku mbili. Hii hapa njo jibu letu, na tumeamua kulitoa mbele ya watu wote kwa sababu tunajua si yeye peke yake. Kila mwezi kijana mwingine kati yetu anafungua chaneli, kwa simu tu, na siku moja barua ya namna hiyo itamfikia. Jina la kampuni hatulitaji, mwenzetu bado anazungumza nao.

Kwanza mujue kwamba karatasi kama hii si kitu kipya. Mwezi wa 5, 2024, kampuni ya China inayoitwa NetEase iliwaalika watengenezaji wa video kujaribu mchezo wake Marvel Rivals kabla haujatoka. Ili waingie, walipaswa kukubali mkataba. Ndani yake mlikuwa na sharti kwamba wasiushushe mchezo, wasiufanyie kejeli, wasiulinganishe vibaya na michezo mingine, na hata wasitoe maoni mabaya ya kwao binafsi. Someni tena hilo la mwisho. Mtu anayeishi kwa kutoa maoni anaambiwa maoni yake yanaruhusiwa kama ni mazuri! Mchezaji mmoja anayeitwa Seagull, aliyewahi kucheza Overwatch kwa kulipwa, aliisoma karatasi, akaona sehemu ile, akaiweka hadharani. Kelele zilikuwa nyingi. Kampuni ikakiri kwamba maneno yale hayakufaa, ikaomba radhi, ikasema itayabadilisha.

Miezi mitatu haikupita vizuri, ikaja nyingine. Mwezi wa 8, 2024, waliopewa ufunguo wa bure wa Black Myth: Wukong walipokea pamoja nao orodha ya mambo ya kutosema wakiwa wanarusha mchezo. Siasa, hapana. Kile walichokiita propaganda ya kutetea wanawake, hapana. Hata kutaja COVID-19 au karantini, hapana. Wala wasizungumzie sera za China kuhusu biashara ya michezo. Mfaransa Benoit Reinier, mwandishi na mtengenezaji wa video anayefuatwa na wengi wanaosikia Kifaransa, alilipinga jambo hilo waziwazi. Wengine walifanya kinyume kwa makusudi, wakaweka COVID kwenye kichwa cha video zao. Na mchezo wenyewe ulikuwa mzuri! Uliuza nakala zaidi ya milioni kumi katika siku tatu. Sasa mchezo mzuri namna ile ulihitaji nini kufunga watu midomo?

Kwenye grupu, dada mmoja aliuliza swali ambalo lilitusimamisha. "Huyo Seagull si alishinda? Sasa shida iko wapi?"

Shida iko hivi. Seagull alishinda kwa sababu tayari alikuwa Seagull. Alipopiga kelele, magazeti ya michezo yaliandika siku hiyohiyo. Wale waliokubali mkataba bila kuuliza hatukuwasikia, na mkataba njo hicho ulikuwa unakitaka. Karatasi ya namna hii ikifanya kazi yake vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Kijana anasifu mchezo, anaonyesha sehemu zinazopendeza, zile mbovu anaziruka, na wewe unayetazama unafikiri ni moyo wake unaosema.

Na wewe unayetazama njo unayelipa. Mchezo mkubwa unauzwa dola 60, sasa hivi hata 70. Munajua dola 70 ni nini kwetu. Kuna mwaka tulichanga watu saba kununua diski moja (hatutasema ni ya mchezo gani). Tulikuwa tumeangalia video nne za kuusifu. Tulipoiweka kwenye konsoli, mchezo uligoma kila baada ya dakika ishirini, na duka halirudishi makuta ya diski iliyofunguliwa. Ile video ya tano, ya mtu aliyesema "musinunue", tuliiona baadaye. Alikuwa na watazamaji mia mbili.

Mukitaka mfano mkubwa ulioandikwa duniani kote, chukueni Cyberpunk 2077 ya kampuni ya Poland, CD Projekt. Ilitoka tarehe 10 mwezi wa 12, 2020. Kabla ya siku hiyo wakosoaji walipewa nakala za kompyuta tu, zile za PlayStation 4 na Xbox One hawakupewa, na hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe. Walipaswa kutumia zile za kampuni. Kwa hiyo maoni ya kwanza yalikuwa mazuri mno. Mchezo ulipofika kwa watu wenye konsoli za zamani, yaani konsoli ambazo mtu wa kawaida anazo, ulikuwa umevunjikavunjika. Haikumaliza siku kumi Sony ikauondoa kwenye duka lake na kuanza kurudisha makuta ya watu. Ulirudi mwezi wa 6 wa mwaka uliofuata. Kwenye habari hiyo mkosoaji hakudanganya, na hakuna video iliyofutwa. Waliamua tu aone nini na aonyeshe nini. Ilitosha.

Kusifu kwa kulipwa nako kuko. Mwaka 2014 Warner Bros. ililipa watu wa YouTube, mmoja wao PewDiePie, ili warushe mchezo Middle-earth: Shadow of Mordor. Masharti yalisema video iusifu mchezo na isionyeshe hitilafu zake. Video zile zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5. Ilipofika 2016, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, iliishika kampuni hiyo, juu ya kutowaambia watazamaji vya kutosha kwamba haya ni matangazo ya kulipwa. Kule kuna Leta inayouliza swali hilo. Hapa kwetu, nani atakuuliza?

Hadi hapa tumesema juu ya mkataba na makuta. Kuna silaha nyingine, ya zamani zaidi, na hii inapiga hata mtu ambaye hakusaini kitu chochote.

Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria inayoitwa DMCA. Nia yake inaeleweka: mtu akiiba filamu yako na kuiweka kwenye intaneti, unaiandikia tovuti, tovuti inaiondoa, na tovuti yenyewe haishtakiwi. YouTube inafuata utaratibu huo kwa dunia nzima, Butembo na Uvira pia. Mwenye hakimiliki akilalamika, video inaondoka na chaneli inapata onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufutwa na video zake zote.

Sasa mtu anayekosoa mchezo atafanyaje bila kuuonyesha? Kila picha anayoonyesha ni mali ya kampuni. Ni kweli sheria ya Marekani inaruhusu kutumia sehemu ya kazi ya mtu ili kuikosoa. Lakini haki hiyo unaitetea mbele ya jaji, na avoka wako pembeni, wakati onyo linatumwa na mtu aliyekaa kwenye kiti chake, kwa fomu ya dakika kumi.

Mwezi wa 10, 2013, Mwingereza John Bain, ambaye watu walimwita TotalBiscuit (alifariki 2018, kansa), aliondolewa video yake namna hiyo. Studio moja ya Canada, Wild Games Studio, ilikuwa imempa yenyewe ufunguo wa mchezo wake Day One: Garry's Incident. Aliucheza, akasema ni mbovu, akaeleza kwa nini. Studio ikaleta dai la hakimiliki. Yaani nimekualika nyumbani, nimekupa sahani, umesema chumvi imezidi, nakushtaki kwa wizi wa chakula. TotalBiscuit alitengeneza video nyingine ya kueleza kilichotokea, hasira ya watu ikawaka, studio ikaondoa dai lake.

Miaka iliyofuata ilikuja kesi ya ajabu zaidi. Mkosoaji Jim Sterling alicheza mchezo The Slaughtering Grounds mwaka 2014, akaucheka vibaya sana. Waliouunda, Digital Homicide, walijaribu kwanza kuondoa video. Halafu mwezi wa 3, 2016, wakamshtaki kwenye mahakama ya Arizona wakidai kama dola milioni 10. Haikuwatosha. Mwezi wa 9 wa mwaka huohuo wakashtaki watu mia moja wasiojulikana majina, wachezaji wa kawaida waliowasema vibaya kwenye duka la Steam, wakidai dola milioni 18. Valve, wenye Steam, wakaondoa michezo yao yote dukani, wakisema kampuni hiyo inawatendea wateja kama adui. Kesi dhidi ya wale mia moja iliachwa. Kesi dhidi ya Sterling ilifungwa mwezi wa 2, 2017, bila ruhusa ya kuifungua tena.

Kesi hii tunaipenda kuisimulia, lakini tuseme ukweli wote. Digital Homicide haikuwa kampuni kubwa. Walikuwa ndugu wawili tu. Na Sterling alikuwa na wafuasi wengi, walioingia kule kutukana pia, si kukosoa tu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kila mara kampuni ni tembo na mkosoaji ni sungura. Siku nyingine tembo ni yule mwenye kamera, na anayelia ni kijana aliyetengeneza mchezo wake usiku kwa miaka mitatu. Kati yetu tunao vijana wanaojifunza kutengeneza michezo. Nao mtu wa elfu nne akiwaangukia wataumia. Mwenzetu, na wewe ulikumbuke hilo ukiwasha mikrofoni.

Lakini rudini kwa mdogo, yule ambaye hajulikani. TotalBiscuit alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni moja siku walipomwondolea video. Mwenye mia tisa anafanya nini?

YouTube inakuruhusu kupinga dai. Tulisoma masharti yake, na hapo kwenye grupu kukawa kimya. Ukipinga, unaandika jina lako la kweli na anwani yako ya kweli, na vyote vinapelekwa kwa yule aliyekulalamikia. Unakubali pia kwamba akitaka kukushtaki, mahakama ya Marekani inaweza kuipokea kesi. Baada ya hapo anapewa siku kumi za kazi kuamua kama atakushtaki, na wakati huo video yako inabaki chini. Fikirini: majuma mawili. Mchezo mpya unauzwa zaidi majuma mawili ya kwanza. Hata ukishinda, umeshinda wakati watu wameshanunua. Na kijana wa hapa, anayeficha uso wake kwenye video kwa sababu zinazojulikana na kila mmoja wetu, aandike anwani yake na kuituma kwa mtu asiyemjua? Wengi wataacha video ife. Sisi wenyewe hatuwezi kumlaumu atakayeiacha.

Tunayo sheria ya kwetu ya haki za watunzi, ya mwezi wa 4, 1986. Mwaka ule video ilikuwa kaseti. Hata ingekuwa nzuri namna gani, onyo la YouTube halipitii Kinshasa.

Kuna kesi moja iliyotugawanya, na bado imetugawanya leo. Mwezi wa 9, 2017, PewDiePie, akiwa anarusha mchezo mwingine kabisa, alitoa tusi, lile tusi la Marekani la kuwadharau watu weusi. Wenye mchezo Firewatch, studio Campo Santo, wakasema hawataki tena mtu huyo apate makuta kupitia kazi yao, wakaleta dai la hakimiliki, na video yake ya Firewatch ikaondoka. Nusu ya grupu ilipiga makofi. "Alitutukana sisi, aachwe?" Tunasikia. Tusi lile lilikuwa letu, na studio ile ilisimama upande wetu wakati wengi walinyamaza.

Nusu nyingine ilisema: lakini kwenye video ya Firewatch hakukuwa na tusi. Waliondoa video ambayo haikuwa na kosa ili kumwadhibu mtu kwa maneno aliyoyasema mahali pengine. Leo wamefanya hivyo kwa sababu tunayoipenda. Kesho kampuni nyingine itaondoa video yako ya mwaka juzi kwa sababu jana ulisema maneno yasiyoipendeza. Chombo ni kilekile. Hatukupiga kura juu ya jambo hilo. Wanaoandika haya wako upande wa pili, na wenzetu wa upande wa kwanza wametuomba tuandike kwamba hawajakubali. Tumeandika.

Makampuni nayo yana hoja, na tusiipite mbio. Picha ni zao, muziki ni wao, watu mia tatu wamelala ofisini miaka minne, halafu mtu anarekodi saa ishirini za mchezo na anakula makuta ya matangazo peke yake. Nintendo ilifikiri hivyo. Kuanzia 2013 ilianza kuchukua makuta ya matangazo kwenye video zilizoonyesha michezo yake. Mwaka 2015 ikafungua mpango wa kugawana: mtengenezaji wa video anapata asilimia 60 kwa video moja, au 70 kama chaneli yake yote imesajiliwa kwao. Angalia lakini namna ilivyokuwa: ili upate sehemu yako, lazima wakujue, wakusajili, wakukubali. Mwisho wa 2018 wakaufunga mpango, wakaandika kanuni za wote. Kampuni nyingi leo zina kanuni za namna hiyo kwenye tovuti zao, zinaruhusu kurusha na kupata makuta, bila kukuomba uusifu mchezo. Kwa hiyo inawezekana. Kampuni inaweza kulinda mali yake bila kushika ulimi wa mtu, na ikikuambia haiwezi, ni bongo.

Tarehe ya kufungua mdomo nayo hatuipingi. Kama mkataba unasema "usitoe video kabla ya tarehe fulani", sawa, kila kazi iko na siku yake. Tofauti ni kati ya kukuambia lini na kukuambia nini.

Tumefika mahali ambapo habari hii inatugusa wenyewe, na tungekuwa waongo kama tungeiruka.

Mwezi wa 9, 2011, Mwitaliano Paolo Pedercini, ambaye anatengeneza michezo kwa jina la Molleindustria, aliweka kwenye duka la Apple mchezo mdogo wa simu unaoitwa Phone Story. Bei yake ilikuwa chini ya dola moja. Una sehemu nne, na unaeleza simu inatoka wapi na inaenda wapi. Ya kwanza iko kwetu, Congo. Watoto wanachimba koltani, na wewe mchezaji hauchezi kama mtoto. Unaongoza walinzi wenye bunduki. Mtoto akichoka, unamsogeza mlinzi amtishe, la sivyo unashindwa. Sehemu zinazofuata ni wafanyakazi wa kiwanda nchini China wanaojirusha kutoka juu ya jengo, wateja wanaokimbilia simu mpya dukani, halafu takataka za vyombo vya umeme kule Pakistan.

Mchezo haukumaliza juma moja kwenye duka lile. Apple iliuondoa ikitaja kanuni zake: zile za kuonyesha watoto wakiteswa, zile za mambo ya kuchukiza, na zile za michango ya hisani. Kwenye simu za Android uliendelea kupatikana.

Someni tena sababu ya kwanza. Mchezo unaosema "watoto wanateswa ili simu hii itengenezwe" unaondolewa kwa sababu unaonyesha watoto wanaoteswa. Wanaotoka Masisi hawahitaji tuwaeleze koltani. Madini ya Rubaya peke yake yanakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, na tantali njo inayotiwa kwenye vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu, kompyuta na konsoli. Tangu mwezi wa 4, 2024, mji huo uko mikononi mwa M23. Kwa hiyo konsoli tunayochangia watu saba, kuna uwezekano inarudi nyumbani.

Hatusemi kwamba kila anayecheza ni mkosaji. Tunacheza, tutaendelea kucheza, Jumapili hii kuna mashindano na tunawangoja. Tunasema tu kwamba mchezo ule njo ukosoaji uliokuja karibu zaidi na sisi, ulitengenezwa na mtu wa mbali, na mwenye duka akaufunga mlango bila kujibu hata neno moja juu ya koltani. Kama ukosoaji wa Mwitaliano mwenye jina uliondolewa namna ile, jiulizeni itakuwaje siku kijana wa hapa atakapotaka, katikati ya video ya kuchekesha, kusema dakika mbili tu juu ya kilichomo ndani ya konsoli anayoishika. Halafu angalieni mkataba wa mwenzetu: hatasema neno la kuushusha mchezo "wala kampuni, wala washirika wake". Washirika ni nani? Haikuandikwa.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Butembo, tulikuambia hivi kwenye simu na tunarudia hapa ili na wengine wasikie.

Ile hoja yako kwamba mwingine atasaini kesho ni ya kweli. Atasaini. Lakini wale elfu nne hawakukufuata kwa ajili ya michezo ya bure. Walikufuata juu ya siku ile ulisema mchezo fulani ni takataka na wakaokoa makuta yao. Siku utaacha kusema hivyo watajua, watu wetu hawachukui muda kujua, na kampuni yenyewe itakutupa, kwa sababu ilikutaka kwa ajili yao.

Hatukukuambia ukatae. Tulikuambia uandike barua fupi, kwa adabu: unakubali tarehe, unakubali kutoonyesha mwisho wa hadithi, unakubali kuwaambia watazamaji kwamba mchezo ulipewa bure. Unaomba kifungu cha ukurasa wa tatu kiondolewe. Avoka kijana anayetusaidia alisoma barua yako na kubadilisha maneno mawili. Tulikuambia pia uhifadhi nakala za video zako zote nje ya YouTube, kwenye diski, leo, si siku onyo litakapofika. Na onyo likifika, usiandike anwani yako popote kabla hujatupigia.

Na wengine munaosoma: aliyewahi kupokea mkataba kama huu, au kuondolewa video kwa dai la hakimiliki, atuandikie kwa njia ya kawaida munayoijua. Futeni majina kwanza. Tunataka kuweka pamoja vifungu vyote vya namna hii, vielezwe kwa Kiswahili na Kifaransa rahisi, ili kijana wa pili asisome ukurasa wa tatu peke yake usiku.

Barua ilitumwa Jumanne. Hadi tunapoandika, hawajajibu. Mkataba unasema mwisho wa kusaini ni Ijumaa.